"All That Glitters Is Not Gold": Maana Yake, na Stori ya Mpanda, Mji Uliojengwa na Risasi

Mdada kaachwa, anaposti picha kavaa miwani myeusi, chini anaandika "all that glitters is not gold". Jamaa karudi kutoka Dubai kimya kimya, sanduku jepesi, washkaji wanamwekea msemo huo huo kwenye komenti na vicheko vitatu pembeni. Gari kali limekamatwa na benki, harusi ya mamilioni imevunjika kabla ya miezi sita, msanii anadaiwa kodi ya nyumba aliyokuwa akijisifia kwenye video. Msemo ni ule ule. Siku hizi umekuwa kama chumvi, kila mtu ananyunyiza popote.

Sasa basi, kuna sehemu Tanzania hii ambako msemo huu sio kapsheni. Ni hesabu ya pesa, na watu huipiga kila msimu.

Chukua kijana wa Kakese, jina halina umuhimu. Kakese ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na huko watu ni wakulima: mpunga, mahindi, maisha yanaenda. Kijana kavuna, ana magunia yake ishirini yamepangwa ndani. Jioni moja simu inaita mlio wa WhatsApp. Rafiki yake yuko Dirifu, kwenye machimbo ya dhahabu, katuma picha ya jiwe kashika kiganjani, linametameta kwenye tochi. Chini kaandika: "Mwanangu, duara limetoa. Uza hayo magunia uje tuingie ubia, kesho."

Auze au asiuze? Shikilia hapo, kijana tutamrudia.

Kwanza maana. Kwa Kiswahili watu husema "si vyote ving'aavyo ni dhahabu", na wengine hugeuza wakasema "vyote ving'aavyo si dhahabu". Zinasikika kama kitu kimoja lakini ukizitazama vizuri zinapishana. Ya pili, ukiichukua neno kwa neno, inasema hakuna kinachong'aa ambacho ni dhahabu, na huo ni uongo wa wazi, maana dhahabu yenyewe inang'aa. Kosa hilo limo kwenye Kiingereza chao pia, na limezoeleka hadi hakuna anayelijali. Maana inayokusudiwa ni hii ya kwanza: baadhi ya vinavyong'aa ni dhahabu, vingine sio, kwa hiyo pima.

Neno "pima" ndilo watu wamelisahau. Wengi wanautumia msemo kama msiba, jambo likishaharibika. Au kama kijembe, yaani mwenzako akipata kitu kizuri unamwekea hapo kumwombea kianguke. Babu zetu wa pwani walikuwa wakali zaidi kwenye hili. Wana "uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", kwamba kikopo kimenakshiwa kweli lakini kikifunguliwa ni ubao tu. Na wana "nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani". Huu wa pili unaushinda wa Kiingereza kwa mbali, kwa sababu unakupa na kazi ya kufanya. Fungua. Ingia. Usisimame barazani ukisifia nakshi wala ukiponda nakshi.

Msemo wa Kiingereza nao una ukoo mrefu. Ulikuwepo kwa Kilatini kwenye maandishi ya wasomi wa dini wa Ufaransa tangu karne ya 12, kisha mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer akautumia mwishoni mwa karne ya 14 katika kisa cha tapeli aliyewaaminisha watu kwamba anaweza kugeuza madini ya bei rahisi kuwa ya thamani. Ona basi, tangu mwanzo ulitembea na matapeli. Yule wa inbox anayekwambia utume laki moja upokee milioni ana babu yake kwenye kitabu cha miaka 600 iliyopita.

Halafu Waingereza wakapigwa kweli, tena kitaifa. Mwaka 1576 nahodha Martin Frobisher alirudi London kutoka visiwa vya baridi kaskazini mwa Kanada akiwa na jiwe jeusi. Wapimaji kadhaa waliliangalia wakasema hamna kitu humo. Akatafutwa mwingine, Muitaliano, yeye akasema dhahabu ipo. Kati ya hao wote, aliyesikilizwa ni nani? Mnajua. Malkia Elizabeth wa Kwanza akatia pesa, matajiri wakatia pesa, meli zikarudi huko 1577 na tena 1578, safari hii ya mwisho zikiwa 15. Walileta zaidi ya tani 1,000 za mawe. Yakayeyushwa, yakapikwa, yakapigwa dawa. Hakuna dhahabu iliyolipa. Aliyesimamia fedha za mradi aliishia jela kwa madeni, na mawe mengine yakaishia kujengea barabara na kuta kule Dartford.

Karibu miaka 20 baadaye, kwenye 1596 au 1597, William Shakespeare aliandika tamthilia iliyoubeba msemo huu hadi kwenye kapsheni ya leo. Na hapa ndipo stori inapoanza kuelekea Mpanda, ingawa Shakespeare mwenyewe hakuwahi kuisikia Mpanda maisha yake yote.

Ndani ya tamthilia hiyo kuna binti tajiri anaitwa Portia. Baba yake kabla ya kufa aliacha mtihani: makasha matatu, moja la dhahabu, moja la fedha, moja la risasi. Risasi hapa ni lile dini zito la kijivu linalotengenezewa betri, sio ile ya bunduki tu. Picha ya Portia imefichwa kwenye kasha moja. Atakayelichagua hilo ndiye mume. Anakuja mwana wa mfalme kutoka Moroko, Mwafrika mwenzetu, mtu wa heshima zake na maneno mazuri, anapiga mahesabu kwamba mwanamke wa thamani hii hawezi kuwekwa kwenye risasi. Anafungua la dhahabu. Ndani anakuta fuvu la kichwa, na kwenye tundu la jicho kuna karatasi imeandikwa msemo wetu. Anaondoka kimya. Wa pili anachagua fedha, anakuta picha ya mpumbavu. Wa tatu, ambaye kusema ukweli alikuwa kijana mwenye madeni hadi shingoni na hata nauli ya kuja kuchumbia ilikopwa, anachagua risasi. Picha imo humo.

Tamthilia hiyo Watanzania wanayo kwa lugha yao tangu 1969. Aliyeitafsiri ni Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, na akaipa jina Mabepari wa Venisi. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili tu, kwa hiyo neno "mabepari" hapo juu ya jalada halikuwa la bahati mbaya. Mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare kageuka kundi zima! Lakini makasha ni yale yale, na jibu ni lile lile: risasi.

Haya, sasa Mpanda.

Mwaka 1934 mtafiti wa madini, Mbelgiji, aligundua eneo lenye madini kule Mpanda. Enzi hizo wazungu walikuwa wanazunguka magharibi na kusini-magharibi ya Tanganyika wakitafuta dhahabu. Lupa, upande wa Chunya, ilikuwa imeshawaka moto na watu walikuwa wanaiota usiku na mchana. Mpanda nayo ilikuwa na dhahabu, ndiyo. Ila kilichokuwa kingi kwenye miamba yake kilikuwa kitu kingine: galena, jiwe linalotoa risasi. Na galena, kwa yeyote ambaye hajaliona, linang'aa vibaya mno. Ukilivunja linatoa pande bapa zinazometa kama kioo kipya, rangi ya chuma. Mtu wa kawaida akilishika anaweza kudhani ni fedha tupu.

Kwa maneno mengine, Mpanda ilikuwa na king'aacho kisicho dhahabu, kingi tu. Kwa mujibu wa kapsheni za Instagram hiyo ilitakiwa iwe mwisho wa stori. Watu walie, wapakie mizigo, waende Lupa.

Haikuwa hivyo. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, viwanda vya Ulaya vilikuwa na njaa ya risasi kwa ajili ya betri za magari, mabomba, rangi na nyaya. Kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua mgodi mkubwa Mpanda, na serikali ya kikoloni ikakubali kitu ambacho dhahabu ya Lupa haikuwahi kukipata: reli. Ilianzia Kaliua, kwenye reli ya kati inayokwenda Kigoma, ikakata msitu wa miombo kuelekea kusini kwa kilomita 210 hivi. Ujenzi ulianza 1947 na treni ikafika Mpanda 1950. Pori la mbung'o likawa na stesheni, karakana, umeme wa mgodi, mshahara wa mwezi. Watu wakaja kutoka kila upande kutafuta kibarua. Katika miaka ya 1950 risasi ya Mpanda ikakaa kwenye orodha ya madini muhimu ya Tanganyika pamoja na almasi na dhahabu.

Na utamu wenyewe ni kwamba ndani ya mawe yale yale ya risasi mlikuwa na shaba, fedha na dhahabu kidogo, zisizoonekana kwa macho. Dhahabu ilikuwepo kweli. Ila haikung'aa. Iling'aa risasi.

(Pembeni kidogo: miaka hiyo hiyo, stesheni ya jirani tu na Kaliua, yaani Urambo, Waingereza walikuwa wanaendesha mradi wa karanga. Matrekta, wataalamu, ripoti zenye jalada zuri, mahesabu yanayovutia kuliko jiwe lolote. Ulifanyika pia Kongwa na Nachingwea. Kufikia 1951 ulikuwa umekufa na zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zimezama. Karanga haing'ai hata kidogo. Karatasi ndiyo iling'aa.)

Mgodi wa risasi nao haukudumu. Mwaka 1960, miaka 10 tu baada ya treni ya kwanza, uchimbaji ukasimama, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu aliyejenga nyumba Mpanda mwaka 1958. Mgodi umezima, wazungu wamepanda treni, duka halina mteja mwenye mshahara. Miji mingi ya migodi duniani ikifika hapo hugeuka mahame.

Mpanda haikugeuka mahame, na sababu moja kubwa ni kwamba reli haikung'olewa. Chuma kilicholazwa kwa ajili ya mawe kikabaki kwa ajili ya watu na magunia. Wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972 wakapewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka, wakalima, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu wakapewa uraia wa Tanzania. Wasukuma wakashuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao na jembe lao la kukokotwa, wakayaangalia mabonde haya yenye udongo mzito unaoshika maji, wakayaona ya mpunga. Kakese ni sehemu ya stori hiyo ya mabonde. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa unaojitegemea, Mpanda ikiwa makao yake makuu, na kinachousifia mkoa huo sokoni sio risasi. Ni chakula.

Sasa turudi kwa kijana wetu na picha ya WhatsApp.

Tusimdanganye. Dhahabu ya Katavi ipo. Dirifu ipo, Ibindi ipo, kuna watu wamejenga nyumba za bati la rangi na kusomesha watoto kwa dhahabu ya huko. Anayemwambia kijana wa Kakese kwamba machimbo ni ujinga mtupu hajui anachosema. Swali ni kuhusu jiwe lililo kwenye picha.

Jiwe linalong'aa kwa tochi linaweza kuwa dhahabu. Linaweza kuwa galena. Linaweza kuwa ulanga, zile ngozi nyembamba zinazomeremeta hata kwenye mchanga wa mtoni. Na mara nyingi ni pairati, jiwe la chuma na kiberiti lenye rangi ya shaba iliyosafishwa, ambalo wachimbaji wa dunia nzima wamelipa jina la dhahabu ya wajinga. Wachimbaji wazoefu hawahitaji maabara kulitambua. Dhahabu ukiigonga na nyundo inalala, inakuwa bapa. Pairati inavunjika na kuwa unga. Sugua kwenye mgongo wa kigae cha sakafuni, ule upande usio na ung'avu: dhahabu inaacha mstari wa njano, pairati inaacha mweusi. Ipeleke kivulini: dhahabu inabaki na rangi yake, pairati na ulanga zinawaka na kuzima kadiri unavyozigeuza. Na uzito hausemi uongo. Maji ya lita moja ni kilo moja. Pairati ya ujazo huo ni kilo 5, galena ni 7 na nusu, dhahabu ni zaidi ya 19. Ndiyo maana ukipepeta kwenye karai maji yanachukua kila kitu na dhahabu inabaki chini imetulia.

Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachofanyika kupitia picha.

Halafu hata likiwa dhahabu kweli bado. Jiwe moja lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho ni jiwe moja. Kinacholipa ni gramu ngapi zinatoka kwenye tani nzima ya mawe, na migodi mikubwa ya nchi hii huishi kwa gramu chache kwa tani, dhahabu ndogo kiasi kwamba ukiangalia mwamba unaona mwamba. Mwandishi J.R.R. Tolkien alichukua msemo wa Shakespeare mwaka 1954 akaugeuza juu chini, kwamba dhahabu nayo si lazima ing'ae. Alikuwa anaandika kuhusu mfalme aliyevaa nguo chakavu, lakini mtu wa machimbo angemwelewa haraka.

Na katikati ya karai la mwisho kuna king'aacho kingine kinachotakiwa kuogopwa kuliko pairati: zebaki. Inateleza kama kioo kilichoyeyuka, inakusanya vumbi la dhahabu pamoja, kisha inachomwa. Moshi wake hauna rangi ya kutisha. Unaingia kwenye mapafu ya aliyeshika jiko na ya mtoto aliyekaa karibu yake, na unaharibu neva taratibu. Katika vyote vinavyong'aa machimboni huyu ndiye mzuri kuliko wote kwa sura.

Ubia wa duara nao una hesabu yake. Mwenye pesa hununui dhahabu pale. Unanunua chakula cha wachimbaji, mafuta ya jenereta, magogo ya kushikilia kuta, kamba, na siku. Duara linaweza kutoa wiki ijayo, linaweza kutoa mwakani, linaweza kujaa maji masika ikawa basi. Magunia ishirini ya mpunga yanalisha siku ngapi kati ya hizo? Hilo ndilo swali ambalo rafiki wa Dirifu hakuliandika chini ya picha.

Upande wa pili wa chumba kuna magunia yenyewe. Kijana huyu anajua anachokijua kila mkulima wa bonde: akiuza mpunga mbichi wiki ya mavuno, dalali atamtajia bei ya kumkata maini. Akiukausha, akauweka mpaka watu wengine wamemaliza wa kwao, akaukoboa na kuuza mchele, ni bei nyingine kabisa. Hakuna kinachometa hapo. Pumba zinawasha mwili, panya wanataka kodi yao, na picha ya gunia haipati hata like kumi.

Akiamua kwenda, na wengi huenda, wanaorudi na kitu ni wale walioingia na sehemu ya magunia, sio yote, na waliopanda pikipiki kwenda kugonga jiwe kwa nyundo yao wenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Tangu 2019 kuna masoko rasmi ya madini mikoani, la kwanza likiwa la Geita, ambako dhahabu inapimwa mbele ya macho ya muuzaji na bei inajulikana. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja na mizani yake mfukoni, na mizani hiyo nayo ilikuwa inang'aa.

Akiamua kubaki, mchele utapelekwa mjini, na mwingine utapakiwa stesheni ya Mpanda. Treni itaondoka kuelekea kaskazini, kilomita 210 za msitu hadi Kaliua, kwenye njia ile ile iliyolazwa kwa ajili ya kasha la tatu.